Shujaa wa Kwenye Simu na Mtoto wa Nyumbani

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya futari)



Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu vijana, na nyinyi wadogo mlioketi hapa mbele. Mada niliyopewa ni video za mashujaa: wale wanaopaa hewani, wanaoinua gari kwa mkono mmoja, na wengine wanaotuvunja mbavu kwa kicheko. Sitawaambia mzime simu. Huku kwetu, Kericho mpaka Bomet, mvua ya alasiri ikishuka kwenye mashamba ya chai watoto huingia ndani, na simu ya mama ndiyo inakuwa uwanja wao. Basi tuzungumze wanachokiona humo. Mimi nina maswali mawili tu ya kuwauliza watoto.

Swali la kwanza: hii imetengenezwaje? Mtoto wa miaka minne hajui mchezo unaishia wapi na ukweli unaanzia wapi. Akiona mtu mwenye joho ameruka kutoka ghorofani, naye atafunga leso ya mama shingoni apande juu ya tangi la maji. Ukimkaripia tu, atangoja ugeuke. Mweleze! Mwigizaji amefungwa kamba, nyuma yake kuna kitambaa cha kijani. Kompyuta inafuta kamba, na palipokuwa na kitambaa inatia picha ya mawingu. Mtoto akijua siri hiyo atacheka zaidi, wala hatajaribu kuruka.

Na nyinyi vijana, siri hiyo ni kazi. Pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na wenzake walitoa mwaka 2010 filamu iitwayo Who Killed Captain Alex? Ina vita vingi, kwa hiyo si ya watoto wadogo. Lakini helikopta zinashambulia mji, msimulizi anatia vichekesho juu ya picha, na inasemekana gharama yake haikufika dola 200. Bunduki zao za kuigizia zilitokana na vyuma chakavu. Mamilioni wameitazama.

Swali la pili: huyu shujaa anamsaidia nani, na kwa kitu gani? Hapa Kenya tuna katuni ya Super Sema, iliyoanza kuonyeshwa YouTube Machi 2021. Lupita Nyong'o ni mmoja wa watayarishaji wake wakuu, na sauti yake imo pia. Sema ni msichana wa miaka 10. Adui yake ni Tobor. Haya, lisomeni jina hilo kinyumenyume: Robot! Sema humshinda kwa sayansi na ubunifu, akisaidiana na pacha wake. Hapo binti yako anajifunza kwamba akili nayo ni nguvu.

Tena wako mashujaa wasio na joho wala kompyuta. Tarehe 26 Mei 2018, ndani ya mwezi wa Ramadhani, kijana wa Mali aitwaye Mamoudou Gassama aliona mtoto ananing'inia kwenye roshani ya ghorofa ya nne mjini Paris. Alikuwa na miaka 22, hana kibali cha kuishi Ufaransa. Alipanda roshani kwa roshani, kwa muda usiotimia dakika moja, akamvuta mtoto. Watu waliokuwa chini walirekodi, na dunia ikamwita Spider-Man. Mwaka huohuo akapewa uraia.

Jamani, tusiwafundishe watoto kupanda maghorofa. Tuwaonyeshe kwamba wengi walisimama kutazama, yeye akakimbilia kusaidia. Kukimbilia huko kunawezekana hata hapa kwetu: mzee aliyelemewa na mzigo, mtoto mwenzako anayeonewa njiani kutoka shule.

Mchuma chai hachumi kila jani; huchagua majani mawili na chipukizi. Nasi tuchague. Usiku huu mzazi keti na mwanao, tazameni video moja, mcheke pamoja, kisha umuulize yale maswali mawili.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.