Kusikiliza, Kujadili, Kutenda: Mustakabali wa Kujifunza Ujuzi Mtandaoni

Mada kwa semina ya wakufunzi wa elimu ya watu wazima na ufundi stadi



1. Utangulizi

Kijana anayetaka kujifunza kufunga umeme wa nyumba siku hizi hakosi somo. Video zimejaa, nyingine za Kiswahili, na akili mnemba humjibu hata usiku wa manane. Anachokosa ni nyaya za kushika, mtu wa kumwambia “hapo umekosea, fungua uanze upya”, na cheti ambacho mwajiri atakiamini. Hoja yangu leo ni kwamba fedha na nguvu zetu ziende huko kwenye upungufu: kikundi, karakana na upimaji. Masomo tunayo ya kutosha kuanzia.

2. Kilichozipata kozi huria

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitoa bure mtandaoni kozi ya akili mnemba iliyofundishwa na Sebastian Thrun na Peter Norvig. Walijiandikisha watu wapatao 160,000, na zaidi ya 20,000 wakaimaliza. Mwaka uliofuata yakazaliwa majukwaa ya kozi za mtandaoni Coursera na edX, na wengi wakaanza kutabiri mwisho wa vyuo vikuu tulivyovizoea. Utabiri huo haukudumu. Kufikia mwishoni mwa 2013 kampuni ya Thrun mwenyewe, Udacity, ilikuwa imegeukia mafunzo ya kazi ya kulipia.

Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kozi za Harvard na MIT zilizotolewa kupitia edX tangu 2012 hadi 2018. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuingia darasani kabisa. Katika mwaka wa mwisho wa uchambuzi, waliomaliza walikuwa kama 3 kwa kila 100. Lakini miongoni mwa waliolipia cheti, walimaliza kama 46 kwa kila 100. Bila shaka anayelipa huwa amekwisha kuamua. Hata hivyo, tofauti hiyo inatuonyesha kuwa kufungua mlango bure hakumfikishi mtu mwisho wa safari. Mwanafunzi huvutwa na lengo analolijua na watu wanaomngoja.

3. Tuliyokwisha kuyafanya wenyewe

Tanzania iliwahi kufundisha watu wengi kwa mbali, kabla ya kuwapo kwa intaneti. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwafikia watu wapatao milioni 2 katika muda wa majuma 12. Chombo kilikuwa redio. Somo la malaria, kichocho au safura lilirushwa hewani, na wanakikundi wakalisikiliza pamoja. Kisha kiongozi wao, aliyepewa mafunzo mapema, aliwasomea kijitabu, wakajadili hali ya kijiji chao na kukubaliana la kufanya. Watu walichimba vyoo, wakafyeka vichaka na kufukia madimbwi.

Redio peke yake isingechimba choo. Nguvu ya kampeni ilikuwa katika mpangilio wake: kusikiliza, kujadili, kutenda. Na kwa kuwa kazi ilionekana kwa macho, aliyebaki nyuma alijulikana. Kozi nyingi za leo zimebakiza hatua ya kwanza tu, zikamwacha mtu peke yake na simu yake, bando likikaribia kuisha.

4. Simu na karakana

Mfano wa karibu zaidi wa kuunganisha somo la mbali na kutenda ni VSOMO, programu ya simu iliyoanzishwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) kwa ushirikiano na kampuni ya simu ya Airtel mwaka 2016. Mwanafunzi husoma nadharia ya fani kama umeme wa majumbani au ufundi wa simu akiwa popote, kisha huenda chuo cha VETA kufanya vitendo kabla ya kupata cheti. Mgawanyo huo una busara. Nadharia husomeka kwenye daladala. Kuchomelea hakusomeki huko.

VETA pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia gereji au mtaani hupimwa kwa kazi yake na kutambuliwa rasmi. Napendekeza utaratibu huu uwe mlango wa kutokea kwa waliojifunza mtandaoni pia. Mpimaji hana haja ya kuuliza fundi alijifunza kwa nani. Ampe pikipiki isiyowaka.

5. Akili mnemba na thamani ya cheti

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, zoezi la kuandikwa nyumbani limepoteza nguvu ya kuthibitisha nani anajua nini. Vyeti vinavyotolewa kwa kubofya majibu vitazidi kushuka thamani. Hali hii ina heri kwetu sisi wa ufundi, kwa sababu upimaji wetu tangu zamani ni wa ana kwa ana. Wakati huohuo akili mnemba inaweza kumsaidia kiongozi wa kikundi kueleza mchoro mgumu au kutunga maswali ya mjadala, mradi awepo mjuzi wa kukagua majibu yake. Kosa la insha hufutwa. Kosa la umeme huua.

6. Mapendekezo

(a) Kila kozi ya mtandaoni iwe na kikundi cha jirani chenye kiongozi aliyefunzwa na kulipwa posho.

(b) Karakana za vyuo zifunguliwe jioni na Jumamosi kwa wanaosoma nadharia kwa simu.

(c) Masomo yapakuliwe mara moja chuoni na kutumika bila mtandao, ili bando lisiwe ada ya pili.

(d) Cheti kitolewe kwa kazi iliyofanywa mbele ya mpimaji.

7. Hoja za kujadili

Nani atamlipa kiongozi wa kikundi baada ya fedha za mradi kwisha? Mama mwenye kibanda cha biashara atapata saa ngapi za karakana? Na sisi wakufunzi tuko tayari kupimwa kwa idadi ya waliopata kazi, badala ya idadi ya waliojiandikisha? Naomba tuanze na swali hili la mwisho, kwa kuwa majibu ya mengine yanalitegemea.