Kikombe cha Chai Uani

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya akina mama)

Niliombwa niseme juu ya kitabu nilichosoma. Kinaitwa A Thousand Splendid Suns, cha mwaka 2007. Mwandishi ni Khaled Hosseini, daktari aliyezaliwa Kabul, Afghanistan. Hadithi ni ya kutungwa, lakini vita vyenyewe vilikuwako.

Mariam aliozwa akiwa na miaka 15 kwa fundi viatu, Rasheed, mtu mzima sana. Mimba zilimharibikia moja baada ya nyingine, akawa wa kupigwa tu. Baadaye wapiganaji wakarushiana makombora mjini, na Laila, msichana jirani, akafiwa na baba na mama kwa kombora moja. Miaka 14. Rasheed akamwoa.

Hebu niambieni, ninyi mnaojua ukewenza: walipendana? Wapi! Mariam alimwambia wazi kwamba yeye si mtumishi wake. Wakanuniana, wakagombana hata kwa kijiko cha mti.

Ugomvi ule haukuvunjwa na wazee wala baraza. Usiku mmoja Rasheed alishika mshipi ampige Mariam, na Laila akamng'ang'ania mkono. Baadaye Mariam akampa nguo ndogo za mtoto, alizoshona mwenyewe. Kisha wakaketi uani usiku, wakanywa chai. Ni hayo tu, jameni.

Walijaribu kutorokea Pakistan. Stesheni ya basi, mwanamume waliyemwamini akawachoma kwa askari. Askari wakasema mambo ya nyumbani hayawahusu, wakawarudisha kwa Rasheed. Hapo niliweka kitabu chini. Hapa Kenya tuna sheria ya kuzuia ukatili wa nyumbani tangu 2015, lakini ni wangapi kati yetu tumeambiwa, "Mama, rudi mkaongee na mzee"?

Taliban waliingia Kabul 1996. Siku Rasheed anamnyonga Laila, Mariam alimpiga kwa sepetu, akafa. Alijitoa mwenyewe ashtakiwe ili Laila akimbie na watoto. Mariam aliuawa hadharani uwanjani.

Wengi humsifu kwa kufa vile. Mimi namsifu zaidi kwa zile nguo, maana alizitoa wakati bado hakuwa na rafiki hata mmoja.

Kitabu ninacho, ni cha Kiingereza. Asiyekisoma aje Jumanne baada ya chama, nitamsomea.