TANGI TUPU NDILO LA KUOGOPWA
(Maneno tuliyowaambia mafundi wanachama, Mugutha)



Hili mnaloliona mezani ni tangi la pikipiki ya BSA Bantam, aina iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948. Wako watu wapendao pikipiki hizi za zamani, nao hutuletea sisi wa Ruiru na Thika tuzifufue. Kazi ni nzuri na ina pesa. Lakini mwenye mali ataka pikipiki yake Jumamosi, mwenye gareji ataka kumridhisha, na anayelishika tangi mkononi ni wewe.

Wengi wenu mwamjua kijana wetu aliyeungua. Gareji hatuitaji. Aliambiwa azibe tundu la tangi kwa moto wa gesi. Akauliza, je, limeoshwa? Akajibiwa kuwa halina kitu, limekaa tupu miaka mingi. Alipoliwekea moto likapasuka. Vidole vya mkono wake wa kulia havikunji mpaka leo, na mwenye gareji amekwisha kumwajiri mwingine.

Tufahamiane hapa. Kinachowaka si maji ya petroli, ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Tangi lililojaa pomoni halina nafasi ya hewa ndani. Lile lililomwagwa ndilo lililo tayari kulipuka. Mvuke ukiwa sehemu moja na nusu tu katika 100, yatosha. Tangi la Bantam lachukua lita 8 hivi, kwa hiyo matone yasiyojaza kijiko cha chai yaweza kuligeuza bomu. Na matone hayakosi! Hujificha kwenye maungio ya bati, na chini ya kutu. Tena Bantam hutiwa oili pamoja na petroli, na petroli ikikauka oili hubaki ndani kama gundi, ikishika mvuke mpaka siku utakapoitia moto. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama nyoka, ukafika kwenye jiko la mama anayepika chai nyuma ya ukuta.

Basi tangi limwagwe nje, penye upepo, mbali na jiko, sigara na jiwe la kunolea. Ondoa waya za betri kama ipo. Chomeka mpira kwenye koki ya chini, fungua, iteremke yenyewe ndani ya debe la chuma lenye kifuniko. Kunyonya mpira kwa mdomo tuache kabisa. Petroli kidogo ikiingia mapafuni yaweza kuua. Aliyeimeza asitapishwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa kama ilivyo desturi yetu. Apelekwe hospitali mara moja. Petroli hiyo kuukuu usinawie mikono. Tangi lililolala tangu kabla ya mwaka 2006 huenda lina mabaki ya petroli yenye risasi, ambayo Kenya iliiacha wakati huo, na risasi ni sumu. Wala usiimwage mtaroni, kwa maana visima vyetu viko hapo hapo.

Sasa fungua koki na kichujio chake, uoshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Maji yachemshiwe mbali, msitucheke, wako waliosahau. Tikisa, mwaga, rudia mara tatu au nne mpaka gundi iishe. Kwa kutu, tia kipande cha mnyororo kilichofungwa waya ili uweze kukivuta nje, utikise. Ukitumia nati zihesabu kwanza. Tumewahi kukesha tukitafuta nati moja. Kisha jaza siki, ulale nayo usiku mmoja au zaidi. Ukimwaga siki, suuza kwa maji ya magadi kuua ukali wake, mdomo wa tangi ukiwa wazi kwa sababu patatoka povu. Suuza tena kwa maji safi, kausha juani, na papo hapo zungusha oili kidogo ndani, maana bati tupu hushika kutu kabla hujamaliza kunawa.

Kazi hiyo ni ya siku mbili, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Fundi hulipwa kwa tundu lililozibwa, halipwi kwa kuosha. Ndiyo maana huruka kuosha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza kuchomelea au kulehemu chombo kilichokuwa na kitu cha kuwaka kabla ya kutoa mabaki na mvuke wake. Sheria hiyo hiyo yasema mfanyakazi akimwarifu msimamizi juu ya hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi hapo mpaka hatari iondolewe. Twataka kuosha kuandikwe katika bei ya kazi na kulipwe peke yake. Mwanachama akiambiwa achomelee tangi lisilooshwa, akatae, na amwite mjumbe wetu siku ile ile. Asikatae peke yake akafukuzwa kimya kimya.

Tangi hili bado halijaoshwa. Linuseni, lakini msiliwashie hata kiberiti. Jumamosi saa nne tutaliosha pamoja nje ya ukumbi. Siki ipo, magadi yapo. Mwenye mnyororo mbovu wa baiskeli aje nao.