Sinema na Msemaji Wake

Hotuba kwa walimu, wazee wa vijiji na wasomaji wote



Leo twapenda kunena nanyi juu ya sinema. Wako watu wasemao kuwa sinema ni mwalimu apitaye wote, kwa kuwa yawafundisha hata wasiojua kusoma. Wako na wengine wasemao kuwa ni mharibifu wa vijana, na kwamba kijana aizoeaye huacha adabu za kwao. Sisi twaona kuwa pande zote mbili zimesahau jambo moja. Zote zadhani kuwa picha hufanya kazi peke yake, kama dawa ifanyavyo kazi mwilini mwa mgonjwa aliyelala. Sivyo. Picha hutazamwa na mtu mwenye akili zake, mali yake na mashaka yake. Na mara nyingi kati ya picha na mtu huyo yuko mtu wa tatu, naye ni yule asemaye maana yake. Kazi ya huyo wa tatu, na hasara ipatikanayo asipokuwapo, ndiyo maneno yetu ya leo.

Kwanza tueleze sinema ni kitu gani. Watu husema picha zile zatembea, lakini hazitembei. Ni picha nyingi zilizosimama, zimepangwa moja baada ya moja katika utepe mrefu, kila moja ikihitilafiana kidogo na ile iliyotangulia. Mashine huuvuta utepe mbele ya taa, huisimamisha kila picha kwa kitambo kidogo mno, kisha huiziba nuru mpaka picha nyingine ifike. Kwa desturi picha 24 hupita katika sekunde moja, yaani picha 1,440 kwa dakika, na macho yetu huziunganisha zikawa mwendo mmoja. Basi hata mwendo wenyewe hautimii kwenye utepe. Hutimizwa na mtazamaji. Na ikiwa ndivyo ulivyo mwendo, maana je?

Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao mbele ya watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Waliolipa usiku ule walikuwa 33 tu. Picha zilikuwa kumi, zote fupi, nazo zilikuwa bubu. Ububu huo ulidumu miaka zaidi ya thelathini, na watu wa nchi mbalimbali walitafuta njia za kuuondoa. Huko Japani alisimama mtu kando ya kitambaa, aitwaye benshi, akiwasemea wachezaji na kueleza habari yote. Wengine katika wasemaji hao walipata sifa kubwa hata watu wakachagua jumba la sinema kwa jina la msemaji, wala si kwa jina la picha. Picha zenye sauti zilipoenea katika miaka ya 1930, kazi ile ikafifia.

Sasa na tuje kwetu Afrika Mashariki. Katika mwaka 1935 lilianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani, na wasimamizi wa kazi walikuwa Major L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham. Hata lilipokwisha mwaka 1937, picha 35 zilikuwa zimetengenezwa, nyingi zikihusu kilimo, afya na matumizi ya fedha. Gari lilizichukua kutoka Tanganyika mpaka Kenya, Uganda, Nyasaland na Northern Rhodesia, zikaonyeshwa usiku mbele ya makutano ya watu. Sauti haikuwamo katika utepe. Ilitiwa katika sahani za santuri, ili picha moja ipate kusemewa kwa lugha nyingi.

Moja ya picha zile iliitwa Post Office Savings Bank. Ilionyesha wafanyakazi wawili wa shamba: mmoja aliufukia mshahara wake ardhini, mwizi akaja akauiba, mwenziwe aliuweka akiba posta, ukasalimika. Fundisho lake ni wazi. Lakini hebu tumfikiri mkulima aliyeketi mbele ya picha ile. Huenda moyoni mwake alikuwa na maswali: Posta iko mwendo gani kutoka kwangu? Mtoto akiugua usiku, nani atanifungulia? Na nisiyejua kuandika jina langu, nitajulikanaje kuwa ndimi mwenye fedha? Santuri haiulizwi swali ikajibu. Mtu aliyesimama karibu, ajuaye nchi ile na lugha yake, aweza kujibu.

Hata hivyo wakubwa wengine wa kazi ile waliona shida mahali pengine. Katika mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara iitwayo Colonial Film Unit, nayo ikaendelea mpaka mwaka 1955. Mkuu wake, William Sellers, alikuwa amefanya kazi ya afya huko Nigeria, na huko alionyesha picha nyingi vijijini. Yeye aliamini kuwa mwanakijiji wa Afrika hawezi kufuata picha ziendazo upesi. Kwa hiyo aliagiza zitengenezwe za polepole, zenye jambo moja, bila kuruka kutoka mahali hata mahali.

Watu hupenda kutaja kisa kimoja kuithibitisha imani hiyo. Kilisimuliwa na John Wilson katika mwaka 1961. Mtu wa afya alitengeneza picha ya dakika tano hivi, ya polepole sana, kuonyesha jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Wakaonyeshwa wanakijiji zaidi ya thelathini. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: Tumeona kuku. Wenye picha wakashangaa, maana hawakujua kuwa mna kuku. Wakaurudia utepe picha kwa picha, na kumbe kweli, kuku alipita upesi pembeni, kwa muda wa sekunde moja hivi.

Wengi wamekicheka kisa hiki, wakiwacheka wanakijiji. Sisi twauliza: ni nani hapa asiyeona? Wanakijiji waliona kitu kilichokuwamo, tena kilichopita upesi kuliko vyote. Waliotengeneza picha ndio walioshika utepe mikononi mwao wasimwone kuku. Kila mmoja aliona kile alichokuwa akikitafuta. Mtu wa afya alitafuta maji, na wafugaji wa kuku wakamwona kuku. Laiti angalisimama mtu kwanza akaeleza kwa nini maji yale yana hatari, wangaliyatazama maji.

Uchunguzi nao umeelekea huko. Katika mwaka 1952 Peter Morton-Williams aliwachunguza watazamaji wa vijijini huko Nigeria. Yaliyofahamika vema yalikuwa yale yaliyogusa mambo waliyokwisha kuyajua na kuyajali. Na watu wa pwani yetu walikuwa wamekwisha kulijibu neno la Sellers kwa fedha zao wenyewe. Katika majumba ya sinema ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa walizifuata picha ndefu za Kihindi, pasipo wengi wao kuijua lugha ile. Picha ya Awara ya mwaka 1951, aliyoitengeneza na kuicheza Raj Kapoor, ilipendwa mno. Yaeleza habari za baba hakimu aliyemfukuza mkewe, na mtoto aliyekulia katika wizi: je, tabia hutoka katika damu au katika malezi? Hilo ni swali la kila nyumba, wala halihitaji picha za polepole. Aliyefahamu zaidi alimweleza mwenziwe, na mabishano yakaendelea njiani na barazani. Wasemaji walikuwa ni watazamaji wenyewe.

Tena watu wetu hawakukaa upande wa kutazama tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika picha za hadithi kwa Kiswahili, na katika ile iitwayo Muhogo Mchungu alicheza Rashidi Kawawa. Mtu yule yule akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962.

Labda mtasema, mambo haya ni ya zamani, na gari la sinema halipiti tena. Ni kweli. Lakini msemaji hakutoweka. Katika vibanda vya video, mjini na shamba, filamu za kigeni zimekuwa zikifasiriwa kwa Kiswahili na mtu mmoja, akitia mizaha na mithali zake, na watu humpenda kwa ajili hiyo. Nguvu yake si ndogo. Aweza kumfanya mwizi awe shujaa na askari awe mpumbavu, hali picha ni ile ile. Na zaidi ya hayo, siku hizi mtoto huitazama sinema katika simu, peke yake, amefunikwa shuka. Hapo hapana msemaji wa namna yoyote, wala hapana wa kumwuliza, Umeona nini? Twaiona hatari hii kuwa kubwa kuliko ubaya wa picha yenyewe.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Kwanza, mwalimu au mganga atakaye kuwaonyesha watu picha, aitazame kwanza yeye mwenyewe mpaka mwisho, tena pamoja na mtu wa kijiji kile, apate kumjua kuku aliyemo ndani yake. Pili, picha ikiisha asianze kuhubiri, bali aulize watu wameona nini, awasikilize, na jibu la ajabu alishike sana, kwa maana ndilo litakalomfundisha. Tatu, wazazi wasidhani kuwa kukataza kumetosha. Mzazi aketi na mwanawe japo mara moja kwa juma, atazame kile akitazamacho mtoto, wakizungumze pamoja.

Wazee wetu walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Twaiheshimu mithali hiyo, lakini kwa habari ya sinema twaongeza neno: mwenye macho aulizwe ameona nini. Tusipowauliza watoto wetu sisi, atakayewaeleza maana ya yale waliyoyaona ni mtu mwingine, nasi hatutamjua.