Utitiri wa Kijani: Tumjue Adui Kabla ya Kununua Dawa

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wanakamati wa parokia na wageni wafadhili waliokutana Mukendo, mjini Musoma)



Mada niliyopewa ina jina refu: uainishaji na maisha ya utitiri wanaokula mimea. Msiogope jina. Nimeikubali kwa sababu mezani kwa katibu yapo maombi ya vikundi kadhaa, na karibu yote yanaomba kitu kimoja, yaani mabomba ya kupulizia na dawa ya kuua wadudu wa muhogo. Fedha zenyewe ni sadaka za watu, wengine wa hapa hapa, wengine wa nchi za mbali. Kabla hazijatoka ni vizuri tujue tunataka kumpulizia nani.

Nianze na mnyama ambaye mfugaji wa Mara hahitaji kufundishwa, yaani kupe. Ukimhesabu kupe mkubwa utakuta miguu 8. Nzige ana 6, mbu ana 6, inzi ana 6. Kupe si mdudu wa kundi la nzige. Ukoo wake ni wa buibui, na utitiri ni ndugu zake wa karibu. Hata utoto wao unafanana: kupe akitoka kwenye yai ana miguu 6 tu, na utitiri vivyo hivyo, miguu miwili ya mwisho huja anapojivua ngozi. Utitiri hana mabawa wala vipapasio. Mdomoni ana vitu kama sindano, anatoboa chembe ya jani na kufyonza kilichomo, pamoja na ile rangi ya kijani inayolisha mmea.

Jambo hili si la darasani tu. Dawa nyingi zinazouzwa madukani kwa ajili ya wadudu hazimdhuru sana utitiri, lakini zinaua wale wanaomla. Mkulima anapulizia, baada ya wiki chache utitiri ni wengi kuliko mwanzo, naye anarudi dukani kununua kali zaidi.

Utitiri wanaokula mimea wako wa namna nyingi. Familia inayoitwa Tetranychidae ina zaidi ya spishi 1,200, na humo wamo utitiri wekundu wanaofunga nyanya kwa utando kama wa buibui. Kuna kundi jingine la ajabu, zaidi ya spishi 4,000, wenye umbo la mnyoo na miguu 4 tu maisha yao yote. Hao hata kwa lenzi ya kawaida ni shida kuwaona. Ndugu zetu wa pwani wanawafahamu kwa kazi yao: mmoja wao hujificha chini ya kikonyo cha nazi changa, na nazi ikikua inakuwa na magamba na mipasuko. Ila leo nitakaa na mmoja tu wa familia ya kwanza, kwa sababu ndiye anayetuhusu sisi tunaokula ugali wa udaga.

Jina lake la kitaalamu ni Mononychellus tanajoa. Alielezwa mara ya kwanza nchini Brazili mwaka 1938. Muhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika yapata karne ya 16, na kwa miaka mia nne uliishi huku bila mla majani wake huyu. Mwaka 1971 akaonekana Uganda. Inaaminika aliletwa na pingili za kupanda. Miaka michache baadaye alikuwa ameshaingia Tanzania kupitia huku kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria, na kabla ya miaka ya themanini kwisha alikuwa amevuka bara hadi Afrika Magharibi. Hana mabawa, lakini upepo humbeba, na sisi humbeba zaidi tunapopeana mbegu kutoka kijiji hadi kijiji.

Urefu wake ni kama theluthi moja ya milimita. Anakaa upande wa chini wa majani machanga. Yai linaanguliwa kwa siku chache, anatoka mtoto wa miguu 6, kisha anapita hatua mbili za tunutu ndipo anakuwa mkubwa. Kukiwa na joto safari yote hiyo inakwisha kwa muda wa wiki mbili hivi. Jike asiyepandwa hutaga pia, na mayai hayo hutoa madume matupu. Hivyo jike mmoja aliyepeperushwa na upepo anaweza kuanzisha ukoo mzima. Mvua kubwa huwaosha na kuwapunguza. Kiangazi ndicho msimu wao.

Sasa dalili, na hapa naomba usikivu, maana nimesikia kila muhogo mbaya ukiitwa batobato. Batobato ni ugonjwa wa virusi, ulielezwa katika nchi yetu hii tangu 1894, na unaenezwa na inzi weupe pamoja na pingili zenye ugonjwa. Jani lake lina mabaka ya njano na limejikunja upande. Utitiri huacha vitone vidogo vilivyofifia, kama vilivyochomwa kwa ncha ya sindano, vingi mno. Majani machanga yanadumaa, na shambulio likizidi yanapukutika hadi ncha ya shina inabaki imesimama kama mshumaa. Kipimo rahisi ni kungoja mvua. Muhogo wa utitiri ukipata mvua hutoa majani mapya safi. Wa batobato kwa kawaida huendelea kutoa yale yale. Bomba la dawa halitibu virusi hata kidogo, na kwa utitiri nimekwisha sema.

Hasara yake ni kubwa. Watafiti wameandika upungufu wa mavuno ya mizizi kuanzia asilimia 13 hadi 80, kutegemea aina ya muhogo, umri wake na ukali wa kiangazi. Kwa familia ambayo udaga ndiyo akiba yake, hiyo ni miezi ya njaa.

Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, yenye makao makuu Ibadan, Nigeria, ilianza kutafuta adui wa asili wa utitiri huyu. Ilikuwa imekwisha fanikiwa dhidi ya kidung'ata wa muhogo kwa kumleta nyigu mdogo kutoka Amerika ya Kusini, kazi iliyompatia Hans Herren Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Kwa utitiri haikuwa rahisi. Kwanza wataalamu walibishana kama huyu wa Afrika ni tanajoa au ndugu yake anayefanana naye sana, progresivus. Halafu utitiri wala-nyama walioletwa kutoka Kolombia katika miaka ya themanini waliachiwa tena na tena, wasidumu. Ndipo wakaenda kaskazini-mashariki ya Brazili, kwenye kiangazi kinachofanana na cha kwetu, wakampata Typhlodromalus aripo. Aliachiwa Benin mwaka 1993 na akashika. Huko mavuno yaliongezeka kwa takriban theluthi moja, na mkulima hakutoa senti. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizompokea baadaye.

Huyu naye ni utitiri! Mchana hujificha kwenye ncha ya muhogo, katikati ya vijani ambavyo havijafunguka, usiku hushuka kwenye majani kuwinda. Windo likiadimika anaweza kujikimu kwa chavua ya mahindi na utomvu wa muhogo, ndiyo maana hatoweki. Anapenda zaidi aina za muhogo zenye vinyweleo kwenye ncha. Na kwa kuwa makao yake ni pale pale juu, ukipulizia dawa yeye ndiye wa kwanza kuipata. Tusisahau pia kwamba majani hayo hayo mtu anayachuma kwa ajili ya kisamvu.

Kwa hiyo maoni yangu kwa kamati ni kwamba maombi ya mabomba yawekwe kando. Fedha ziende kwenye pingili safi, na kwa aina zinazofaa Kanda ya Ziwa tuulize kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza. Zisaidie vikundi kupanda mwanzoni mwa mvua, ili muhogo uwe umeshika kabla ya kiangazi. Nyingine zinunue lenzi za mkononi. Bei yake hailingani na ya bomba. Kila kikundi kifungue ncha za mihogo yake na kutazama kama mla-nyama yupo. Ni mkubwa kidogo kuliko wa kijani, na hukimbia kwa kasi, wakati yule mwingine anatembea polepole. Akiwapo shamba moja na akikosekana la jirani, kazi ni kukata ncha chache zenye naye na kuzibana kwenye ncha za mihogo ya jirani. Hata watoto wanaweza, ilimradi ncha hizo zitoke kwenye mmea usio na batobato.

Najua vikundi vilivyoomba mabomba havitafurahi, na mwenyekiti mmoja amekwisha niambia hivyo mlangoni. Nimemwalika tukague shamba lake kabla ya kura. Lenzi ninazo tatu, tutapeana zamu.