Baharia Amelala?

Leo nazungumza na mabaharia, na pia na nyinyi mliobaki nyumbani.

Kazi ya melini haina saa ya kutoka. Unamaliza zamu, unaingia kabini, injini bado inanguruma chini ya kitanda. Uliyegombana naye asubuhi utakula naye jioni, na kesho, na mwezi ujao. Nchi kavu ungepanda daladala ukaenda zako.

Baharia akianza hasira za karibu, au akinyamaza mezani, wenzake husema amekumbuka kwao. Pengine. Mimi ningeuliza kwanza: amelala? Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 umeweka kipimo cha mapumziko: angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 kwa wiki. Zile 10 zinaruhusiwa kukatwa vipande viwili tu, kimoja kisipungue saa 6. Ah, daftari la saa za mapumziko hujazwa vizuri mno! Macho mekundu ndiyo husema kweli. Basi ukizipata hizo sita, zilale. Ziba dirisha, kahawa iachie mwanzo wa zamu, simu iweke mbali na mkono.

Tangu Desemba 2024, marekebisho ya mkataba huo yanataka mabaharia wapatiwe intaneti melini, kadiri inavyowezekana. Ni neema, ila imeondoa watu mezani. Kila mmoja kajifungia na simu yake. Pigeni karata, hata nusu saa. Mliokaa pamoja ndio mtakaoona nani amebadilika.

Nanyi wa nyumbani, msifiche msiba wala ugonjwa. Lakini bati linalovuja na ugomvi wa jirani, mtu aliye katikati ya Bahari ya Hindi atafanya nini navyo saa nane usiku? Muulizeni zamu yake ni lini, mmpigie baada ya usingizi.

Na mwenzako akisema amechoka kuishi, usimcheke wala usimhubirie. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kaa naye, asiachwe peke yake, mtu mwingine amwite nahodha. Ushauri wa daktari kwa redio au setilaiti hupatikana usiku na mchana, bila malipo, bendera ya meli iwe ya nchi yoyote. Nahodha anajua pa kupiga. Mhimizeni apige mapema.