Majina ya Watu: Funzo la JamiiForums kwa Wanaotaka Mtandao wa Kikongomani

Mada iliyotolewa katika semina ya vijana na vyama vya kartye, Naviundu, Lubumbashi



Nimeombwa nieleze namna mtandao wa kijamii wa nyumbani unavyozaliwa na kukua. Maana ya mtandao wa kijamii nitaipita haraka, kwa sababu kila aliyeketi humu anao mfukoni: ni mahali kwenye intaneti ambapo msomaji ndiye mwandishi. Mtandao wa nyumbani ni ule ulioanzishwa na wananchi, unaozungumza lugha yao, na ambao mwenyewe anaishi nchini, anajulikana anapokaa na anaweza kuitwa polisi asubuhi ya leo. Sifa hii ya mwisho hamtaikuta katika vitabu, lakini ndiyo iliyonileta hapa.

Katika nchi zetu za Kiswahili, mfano ulio wazi kuliko yote ni JamiiForums ya Tanzania. Maxence Melo na Mike Mushi waliianzisha mwaka 2006 kwa jina la JamboForums, na mwaka 2008 ikachukua jina ililonalo sasa. Haikuwa na picha nzuri wala mitambo ya ajabu. Ilikuwa na majukwaa: la siasa, la ajira, la afya, na lile la mahusiano, mapenzi na urafiki ambalo nadhani limewavuta watu wengi kuliko siasa, ingawa watafiti hawapendi kulitaja. Mtu anajiandikisha kwa jina la kubuni, anafungua uzi, wengine wanachangia. Basi.

Kilichoiinua ni habari. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 Tanzania ilikuwa ikitikiswa na kashfa ya Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura. Wachangiaji waliandika humo mambo ambayo magazeti yaliyazungukazunguka. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na mwezi huohuo waanzilishi wa jukwaa walikamatwa na kuhojiwa, kisha wakaachiliwa. Sisemi kwamba jukwaa ndilo lililomwangusha waziri mkuu. Bunge lilikuwa na kamati yake teule na ripoti yake. Ila tangu hapo mtumishi wa serikali mwenye karatasi mkononi na hofu moyoni alijua pa kuipeleka.

Hatua nyingine za kukua, yaani wanachama, matangazo na simu za kisasa, naziacha. Muda uliobaki nautaka kwa jambo moja ambalo nimepambana nalo miaka mingi katika mji huu: majina ya watu.

Mwaka 2015 Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kifungu chake cha 32 kinampa polisi uwezo wa kudai taarifa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Barua zikaanza kufika JamiiForums: tupeni jina halisi la aliyeandika uzi huu, namba yake, mahali alipo. Baadhi zilihusu watu walioandika juu ya makampuni ya biashara, wala si juu ya vita au ugaidi. Jukwaa likakataa. Mwaka 2016 kampuni yake, Jamii Media, ilikwenda Mahakama Kuu kupinga kifungu hicho, ikashindwa. Desemba 2016 Melo alikamatwa na kufikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Kesi zikaburuzwa miaka. Shtaka moja lilikuwa la kuendesha tovuti bila anwani ya .tz, jambo linaloonyesha kwamba hata herufi mbili za mwisho wa anwani zinaweza kugeuzwa pingu. Aprili 2020 alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi, akatakiwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja. Alilipa. Mushi aliachiwa huru.

Katikati ya hayo, Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilidai leseni na ada, jukwaa likazimwa kwa wiki kadhaa. Mwaka uliofuata Kamati ya Kulinda Wanahabari yenye makao New York ilimtunuku Melo tuzo yake ya kimataifa. Septemba 2025, uchaguzi mkuu ukikaribia, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania ilisimamisha leseni ya jukwaa kwa siku 90. Kwa hiyo anayeniambia kwamba JamiiForums ni hadithi ya mafanikio, namwomba aisome yote.

Sasa turudi kwetu. Mto Naviundu wote tunaujua. Watafiti wamepima matope yake wakakuta shaba, kobalti na risasi. Watu wa kando ya mto wanaona rangi ya maji ikibadilika kabla mtaalamu hajafungua sanduku lake la vipimo. Wanapiga picha. Wanazituma wapi? Kwenye grupu la WhatsApp. Na hapo ndipo shida yangu ilipo.

Fungua grupu lolote la kartye, bonyeza jina lake juu, shuka chini. Namba za simu za watu wote ziko pale, moja chini ya nyingine. Namba hiyo ilinunuliwa kwa muuza kadi wa barabarani, naye aliandikisha jina lako kwa kadi ya mpigakura, ile tunayoitumia kama kitambulisho. Kwa hiyo mama aliyetuma picha ya maji saa kumi na mbili asubuhi ametuma pia jina lake, na kwa wanaojua kuuliza, mlango wake. Ndani ya grupu yumo binamu wa mlinzi wa kampuni inayolalamikiwa, yumo anayetafuta kazi kwenye kampuni hiyohiyo, yumo mtu asiyejulikana aliingizwa na nani. Nimeona grupu lenye watu mia na zaidi likinyamaza kwa siku moja baada ya skrini kupigwa picha na kupelekwa mahali. Hakuna aliyefukuzwa wala kutishwa mbele ya watu. Watu walianza tu kutumiana salamu za Jumapili na matangazo ya msiba.

Nimelisema hili kwenye ofisi ambazo sitazitaja, nikajibiwa kila mara kwamba tatizo ni uvumi, kwa hiyo dawa ni kumtambua kila mwandishi. Uvumi upo, sikatai. Nimefuta mwingi kwa mikono yangu. Lakini uvumi na ushahidi vinapita mlango mmoja, na ukiuziba mlango unabaki na uvumi, kwa kuwa wenyewe haujali kusainiwa. Mwenye ushahidi ndiye anayeogopa.

Sheria yetu, Code du numérique ya Machi 2023, ina sehemu nzuri ya kulinda taarifa binafsi za watu. Ina pia kifungu cha 360 kinachomwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari za uongo juu ya mtu kwenye mitandao ya kijamii: mwezi mmoja hadi sita jela. Septemba 2023 mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa, na Machi 2024 akahukumiwa miezi sita, muda ambao alikuwa ameshaumaliza gerezani. Sehemu kubwa ya kesi ile ilikuwa swali hilihili: nani wa kwanza kuisambaza karatasi iliyobishaniwa kwenye simu? Sitoi maoni juu ya hukumu ya mahakama, na mada hii haimshauri mtu kukwepa sheria. Nasema tu kwamba swali la majina limeshafika kwetu kabla ya mtandao wenyewe.

Kuna mambo mengine, nayataja ili nisilaumiwe. Umeme wa SNEL mnaujua. Intaneti ilikatwa nchi nzima kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, ikarudi kuelekea tarehe 20 Januari 2019. Kodi ya simu, ile RAM, ilitukata inite tangu 2020 hadi ilipofutwa 2022. Bei ya mega bado inamfanya kijana achague kati ya kusoma na kula. Yote ni kweli, lakini hakuna hata moja litakalotatuliwa na kijana anayejenga tovuti. La majina liko mikononi mwake tangu siku ya kwanza.

Mapendekezo yangu ni haya, na kwa kuwa waandaaji wameomba yawe mengi, mtavumilia yakijirudia.

Kwa vijana wanaotaka kujenga: msiulize mtu kitu msichokihitaji. Kama jukwaa linaendeshwa kwa jina la kubuni na neno la siri, namba ya simu ya nini? Kadi ya mpigakura ya nini? Taarifa usiyokuwa nayo hakuna barua ya polisi inayoweza kuitoa kwako. Wekeni siku ya kufuta kumbukumbu na muifuate. Amueni mapema seva itakaa wapi na nani atakuwa na ufunguo, kwani si jambo la kuamuliwa askari akiwa mlangoni. Tafuteni mwanasheria kabla ya mchoraji wa nembo. JamiiForums isingesimama miaka ile yote mahakamani bila mawakili.

Kwa wasimamizi wa magrupu yaliyopo: hamishieni picha za mto na malalamiko mazito nje ya grupu. Apokee mtu mmoja anayeaminika, na azipeleke bila jina. Ni njia ya kizamani, lakini inafaa leo, huku tukisubiri mtandao wetu.

Kwa wakubwa wa kartye na wa komini: msidai orodha ya wanachama. Mkiipata leo, kesho mtadaiwa ninyi.

Kwa mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, na wizara: naomba kwa heshima sehemu ya Code du numérique inayolinda taarifa binafsi itumiwe kwa bidii ileile inayotumiwa kwa kifungu cha 360. Jina la mtu lisitolewe ila kwa amri ya jaji, iliyoandikwa, yenye sababu. Leseni, kama italazimika, isiwe na ada ya kuwaua wadogo. Tanzania ilishaonyesha 2018 kinachotokea.

Kwa vyama vya mazingira: mkishirikiana na chuo kikuu katika kupima maji, picha ya mwananchi itakuwa na kipimo pembeni yake, na hakuna atakayeuliza nani aliipiga. Hili ningeliweka la kwanza kama ningekuwa na nguvu ya fedha.

Kwa watumiaji: andikeni mnachokiona, si mnachosikia. Na narudia kwa wajenzi, msiulize mtu kitu msichokihitaji.

Nimeambiwa kuna vikundi viwili humu ambavyo tayari vinaandika programu. Kabla hamjanionyesha rangi na vitufe, nileteeni ukurasa mmoja unaosema mtatunza taarifa gani za watu, kwa siku ngapi, na nani ataweza kuzisoma. Nitausoma huo kwanza.